Uvimbe Chini ya Sikio

Aminieli alikuwa mgawa maji. Kule Mbaga, juu katika milima ya Upare, wakulima wana ndiva, yaani bwawa dogo la kuchimba. Usiku maji ya kijito hujaa humo. Asubuhi mgawa maji huzibua tundu, na maji huteremka mferejini kwenda kwa mwenye zamu. Kazi hiyo inataka mtu mwenye sauti kubwa na asiyeona haya, na Aminieli alijaliwa vyote viwili.

"Wewe Daudi! Zamu yako imekwisha!"

"Nimalizie tuta moja tu, mzee."

"Tuta moja la leo, au lile la juzi ambalo haliishi?"

Watu walicheka. Daudi akaziba mfereji.

Aminieli alipenda mabishano kuliko makande, yale mahindi yanayopikwa na maharage, na makande aliyapenda sana. Wapare husemwa kwamba hawaachi kesi. Wengi wanasingiziwa. Yeye hakusingiziwa. Mwaka wa pili sasa alikuwa na shauri na jirani yake, Sista Agatha, muuguzi mstaafu, mjane wa miaka sitini na saba. Waligombea mistari mitatu ya migomba. Aminieli alisema masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yalipandwa na babu yake. Agatha alisema masale hayo yamehamishwa na mtu mwenye miguu miwili. Wazee wakawasuluhisha, wote wawili wakakataa kusuluhishwa. Shauri likateremka Same mjini, kwenye baraza la ardhi la wilaya. Huko Aminieli alipeleka mashahidi wanne. Tangu siku hiyo majirani hao hawakusalimiana.

Jumapili moja Aminieli alikuwa akinyoa ndevu kabla ya kwenda kanisani. Kidole chake kikagusa kitu chini ya sikio la kushoto, karibu na pembe ya taya. Kilikuwa kidogo kama karanga. Hakikuuma. Aliweka wembe chini, akakaa kitandani.

Alikuwa na sababu ya kukaa. Miaka mitatu nyuma alitokwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, na kidonda hicho hakikupona. Katika hospitali kubwa ya Moshi walikipima, wakakuta ni saratani, lakini ilikuwa changa. Wakakata kipande kidogo cha ulimi, naye akapona. Walimwambia mambo mawili. Kwanza, arudi kliniki mara kwa mara aangaliwe. Pili, aache sigara kabisa.

Mwaka wa kwanza alirudi. Mwaka wa pili akaacha. "Nikaulizwe nini, na makande natafuna?" alisema. Sigara nayo aliiacha nyumbani tu. Huko kwenye ndiva, ambako mkewe hafiki, aliivuta kama zamani.

Sasa kitu kilikuwa shingoni, upande uleule wa kidonda. Aminieli akamkumbuka marehemu Loth wa ng'ambo ya bonde. Loth alianza na kidonda mdomoni. Kisha shingo ikavimba. Kisha wakamzika.

"Imenifuata," Aminieli alijiambia. Na hapo hapo alikwisha kujihukumu.

Alificha jambo lile kwa skafu. Mlimani kuna baridi, hakuna aliyemuuliza. Lakini mke hafichwi. Baada ya miezi mitatu, Sifael alimvuta skafu wakati akinywa uji. Uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa ndimu ndogo.

"Baba Careen! Nini hiki?"

"Si unakiona?"

Sifael alikaa chini. Alilia kwanza, kisha akainuka kutafuta dawa, kama wanavyofanya wanawake wengi. Alitwanga tangawizi, akaipasha moto, akamkanda nayo asubuhi na jioni. Baada ya siku nne ngozi iliungua ikatoka malengelenge. Uvimbe haukupungua hata kidogo.

"Twende Moshi," alisema Sifael siku moja, kwa sauti ndogo.

"Wakanichome sindano? Loth alichomwa sindano shingoni, hakumaliza miezi miwili. Kansa ukiichokoza inachachamaa."

Sifael naye alikuwa amesikia hivyo. Hakumsukuma tena. Usingizi ulimpotea. Alikuwa akimsikiliza mumewe akipumua, na akihesabu pumzi zake kama mtu anayelinda kitu kisiibiwe.

Aminieli akaanza kufunga mambo yake. Aliwaambia wakulima watafute mgawa maji mwingine. Alimwonyesha Sifael mahali alipoweka hati ya shamba. Jambo moja tu lilibaki, na ndilo lililomkera zaidi: ile kesi. Hakutaka kumwachia mjane wake kesi. Sifael alikuwa mpole. Agatha angemmaliza mbele ya baraza kwa dakika tano.

Basi alasiri moja alivuka mpaka, akapiga hodi kwa adui yake.

"Shikamoo, Sista."

Agatha alikuwa akichambua maharage. Alimtazama muda mrefu. "Marahaba," akajibu. "Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimekuja kukuachia migomba. Yote, mistari yote mitatu. Nitaandika karatasi, tupeleke Same, kesi ifutwe."

Agatha aliweka ungo chini. "Una homa?"

"Nakufa, Sista."

"Nani kasema?"

Aminieli alifungua skafu. Agatha hakushtuka. Aliinuka, akanawa mikono kwa sabuni, akarudi na kiti.

"Nimekuuliza nani kasema kwamba unakufa. Ni daktari gani?"

"Hakuna daktari. Nimeona mwenyewe. Saratani ya ulimi imeteremka shingoni. Hata mtoto mdogo anaona."

Agatha alicheka. Ndiyo, alicheka, na Aminieli akakasirika kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Aminieli," Agatha alisema, "kwa mistari mitatu ya migomba ulileta mashahidi wanne. Mmoja alikuwa kiziwi. Leo umejihukumu kufa, na shahidi huna hata mmoja? Mpare gani wewe? Migomba yangu siitaki kwa namna hiyo. Nitakushinda ukiwa mzima."

"Migomba yako?"

"Umeona? Bado hujafa. Hebu geuka kwenye mwanga."

Alimgusa shingo kwa vidole vya taratibu. Alipapasa chini ya taya, nyuma ya sikio, mpaka kwenye mtulinga. Kisha akachukua tochi ya simu, akamwambia atoe ulimi. Aliangalia kovu lake la zamani, na chini ya ulimi, na ndani ya mashavu.

"Uvimbe huu una muda gani?"

"Miezi minne sasa."

"Unauma?"

"Wenyewe hauumi. Inauma ngozi. Mama Careen alinikanda tangawizi."

"Tangawizi ni ya chai. Uvimbe usioujua haukandwi, hauchomwi, haukatwi na wembe wa mtu yeyote. Sasa nisikilize." Agatha alikaa. "Hapa chini ya sikio kuna tezi kubwa ya mate. Inatengeneza mate ya kulainishia chakula. Karibu yake, na kuteremka shingoni, kuna tezi nyingine ndogondogo za kinga. Saratani ya mdomo ikisambaa, mara nyingi hukimbilia kwenye hizo ndogo. Hilo ni kweli, na ndilo unaloliogopa. Lakini tezi ya mate nayo huweza kuota uvimbe wake yenyewe. Na uvimbe mwingi wa tezi hiyo si saratani. Vyote viwili vinatokea mahali pamoja. Kwa macho vinafanana."

"Sasa wangu ni upi?"

"Sijui."

"Miaka thelathini ulifanya kazi hospitali, na hujui?"

"Miaka hiyo thelathini ndiyo iliyonifundisha kusema sijui. Kidole si kipimo. Uvimbe wako unasogea nikiugusa, na umekua polepole. Hilo linanipa moyo. Ungekuwa mgumu kama jiwe, umeganda, unakua mbiombio, au uso umelegea upande mmoja, ningeogopa zaidi. Lakini hata huu unaonipa moyo lazima upimwe, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua kama wewe. Kadi yako ya kliniki iko wapi?"

Aminieli akafunga skafu yake. Kadi ilikuwa chini ya godoro, haijagongwa mhuri kwa karibu miaka miwili.

Jioni ile Agatha alikwenda kuzungumza na Sifael. Aliingia kwa mlango wa jikoni, kama zamani kabla ya kesi. Sifael alimpa kigoda, kisha akasema lililomkaa moyoni.

"Sista, naogopa sindano. Loth aliwekwa sindano, akafa."

"Mama Careen, mimi nilimuuguza Loth. Alikaa na uvimbe ndani ya nyumba miezi minane. Alikwenda kwanza kwa mtu akamchoma kwa chuma cha moto. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Sindano ilitueleza tu kile kilichokuwapo. Sindano yenyewe ni nyembamba, inavuta chembechembe chache zikaangaliwe kwenye hadubini. Haisambazi ugonjwa. Kilichomuua Loth ni kuchelewa."

Sifael alisukuma ukuni mekoni. "Na wakikuta ni yenyewe?"

"Wakikuta ni yenyewe, wataanza tiba mapema, na mapema ni nusu ya kupona. Wakikuta si yenyewe, mtalala usingizi. Upande wowote, mnafaidika kujua."

Sifael aliinuka. Alifungua sanduku, akatoa koti la mumewe la kusafiria, akalitundika msumarini mlangoni. Hakumuuliza mumewe kama anakubali.

Waliteremka Same alfajiri ya Jumatatu, wakapanda gari la Moshi. Agatha alibaki kuangalia mbuzi wao. Kliniki waliketi kwenye benchi mpaka jina lilipoitwa.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, amejifunga hijabu ya bluu. Jina lake Husna.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, tulikutegemea tangu mwaka juzi."

"Mvua zilikuwa nyingi," alisema Aminieli. Ilikuwa aibu tu iliyomsemesha.

Daktari Husna hakumgombeza. Alimpima mdomo wote kwa taa na kwa kidole chenye glavu. Alipapasa shingo pande zote mbili. Kisha akampeleka kwenye altrasaundi, mashine ya picha inayopita juu ya ngozi. Wakautazama uvimbe kwenye kioo.

"Uko ndani ya tezi ya mate," alisema. "Una mipaka mizuri. Lakini picha haitoshi. Kuna uvimbe usio na ubaya ambao kwenye picha unatudanganya ukaonekana saratani, na kuna saratani inayojifanya pole. Tutachukua chembechembe kwa sindano, huku tunaangalia kwenye picha tusikosee mahali."

Aminieli alishika ukingo wa kitanda. Alifumba macho. Aliomba sala ndefu, lakini kabla hajafika katikati daktari alisema, "Tayari, baba."

"Tayari nini?"

"Tumemaliza."

"Sindano ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

Aliona haya. Miezi minne alikuwa akiogopa kitu kisichozidi mchomo wa mwiba. Wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu, nisikufiche msomaji. Kungoja majibu ni kazi nzito kuliko kulima mteremko. Aminieli hakuweza kula vizuri. Sifael alivunja vikombe viwili. Agatha alikuja kila jioni. Hakuwaambia "msiogope", kwa sababu hilo halijawahi kumsaidia mtu yeyote. Alikuja na ungo wake wa maharage, akachambua, akabishana na Aminieli kuhusu masale mpaka giza likaingia. Siku zile mabishano yalikuwa dawa.

Siku ilipofika, Sifael alikataa kuingia chumbani kwa daktari. "Ingia wewe," alisema. "Mimi utanikuta hapa." Akabaki kwenye benchi la ukumbini.

Ndani, Daktari Husna alifungua faili. "Baba, nitasema moja kwa moja. Si saratani."

Aminieli alisogeza kiti karibu.

"Umenisikia?"

"Sema tena, mwanangu."

"Si saratani. Ni uvimbe wa tezi ya mate yenyewe, umeota hapo hapo. Haukutoka ulimini. Ulimi wako uko safi, na tezi za shingo ziko safi. Haujasambaa kwenda popote."

"Sema tena."

Alisema mara ya tatu, kwa upole uleule. Kisha akauliza, "Sigara unavuta bado?"

Aminieli alitazama viatu vyake. "Huko kwenye maji. Moja moja."

"Uvimbe wa aina hii huwapata zaidi wanaume wa umri wako wanaovuta sigara. Na sigara hiyohiyo ndiyo ilikuwa adui wa ulimi wako. Leo umepona hofu. Kesho siwezi kukuahidi. Unanielewa?"

"Nimekuelewa."

"Tena, wakati mwingine uvimbe huu tunauacha, tunauangalia tu. Lakini wako unakua, na wewe uliwahi kuugua. Nashauri tuutoe wote, tuupime wote, tuondoe shaka. Ndani ya tezi hiyo unapita mshipa wa fahamu unaosogeza uso: jicho, shavu, mdomo. Ukikatwa, uso unalegea. Ndiyo maana mahali hapo haruhusiwi kugusa mtu asiye na ujuzi. Sisi tutakwenda polepole."

Aminieli alitoka nje. Alitaka kumwambia mkewe kwa utulivu, kama mwanamume. Lakini machozi yalimtoka kabla ya maneno. Sifael aliona machozi, akapiga ukunga ukumbi mzima ukageuka.

"Hapana! Hapana, Mama Careen! Si yenyewe!"

"Nini?"

"Si yenyewe! Si saratani! Ni uvimbe tu wa mate!"

"Sasa unalia nini, mwanamume wewe, unataka kuniua mimi?" Sifael alimpiga begani kwa mkoba, kisha akamkumbatia, na wote wawili wakalia mbele za watu bila kujali. Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alipiga kigelegele kidogo. Muuguzi akapita akitabasamu.

Walipokuwa wakingoja gari la kurudi, Aminieli alisema, "Kuna jambo jingine. Sigara sikuacha."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nina pua, Baba Careen."

Pakiti iliyokuwa ndani ya koti aliitumbukiza kwenye pipa la taka hapo stendi. Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza aligombana hata na kuku. Lakini Sifael alimpa mua wa kutafuna kila alipoelekea kwenye ndiva, maana wakulima walikuwa wamekataa kumtafuta mgawa maji mwingine. Mwezi ulipokwisha alikuwa hajavuta hata moja.

Na kesi? Kesi haikufutwa. Agatha alikataa karatasi yake, na Aminieli, alipopata nguvu, alikataa kuitoa tena. Tofauti ni kwamba siku ya baraza sasa wanateremka Same pamoja, na anayefika kwanza kwenye gari humwekea mwenzake nafasi. Mbele ya baraza wanabishana vikali. Wakitoka wanatafuta chai.

Upasuaji ulifanyika mwezi uliofuata. Agatha naye alikuja Moshi, akisema anataka kuhakikisha hawamharibii mdaiwa wake. Siku ya kutoa nyuzi, wote watatu waliingia chumbani kwa Daktari Husna. Safari hii Sifael hakubaki kwenye benchi.

"Majibu ya uvimbe wote yamekuja," daktari alisema. "Ni yaleyale ya sindano. Hakuna saratani ndani yake. Utarudi kliniki kila nikikupangia, kwa ajili ya ulimi. Mvua zikiwa nyingi, njoo na mwavuli."

"Nitakuja," alisema Aminieli.

"Sasa nione kama ule mshipa wa uso uko salama. Kunja paji la uso."

Alikunja.

"Fumba macho kwa nguvu."

Alifumba.

"Jaza hewa mashavuni. Vizuri. Haya, baba, nionyeshe meno."

Aminieli alionyesha meno. Mdomo ulipanda pande zote mbili sawasawa, kushoto kama kulia. Sifael alikuwa hajayaona meno hayo kwa miezi saba. Alishika mkono wa Agatha, akaubana.

"Safi kabisa," alisema Daktari Husna, akaandika kwenye faili. "Inatosha, baba. Unaweza kufunga mdomo sasa."

Lakini Aminieli hakuufunga.